Valerian Kumi na Nane na Zamu ya Maji

Ukifika Kibosho ukamuulizia fundi Valerian, nawe utaulizwa, "Yupi? Kumi na Nane?" Jina hilo alipewa akiwa na miaka kumi na minne, na mpaka leo, mvi zimejaa kichwani, hajafanikiwa kulivua.

Lilitoka redioni. Mwaka wa themanini timu ya taifa ya mpira wa magongo ilikwenda Moscow kwenye Olimpiki. Valerian aliupenda mchezo huo tangu siku alipotumwa mjini Moshi kupeleka ndizi akaona, kupitia tundu la ua, vijana wakiusukuma mpira mdogo mgumu kwa fimbo zilizopinda. Ndizi alizifikisha zimechelewa na viboko akavipata, ila mapenzi hayakutoka. Basi siku ya kwanza ya mashindano alikaa miguuni pa redio ya baba yake, ua umejaa wanaume waliokuja kunywa mbege, pombe ya ndizi. Mtangazaji akasoma: India kumi na nane, Tanzania bila. Wanaume walicheka mpaka mmoja akaimwaga kata yake ya kibuyu. Mtoto akaanza kulia.

"Tazameni, Kumi na Nane analia!" mmoja alisema. Likawa jina.

Nchi hii tuna ugonjwa wa kuzima redio tukishafungwa. Wale wanaume hawakungoja kusikia kilichofuata, ila Valerian alingoja. Timu ile haikupanda ndege kurudi nyumbani. Ilirudi uwanjani. Ilifungwa tena na tena, lakini kabla mashindano hayajaisha ilikuwa imefunga mabao yake, na mawili kati ya hayo iliwafunga wenyeji wenyewe, kwao, mbele ya watu wao. Mtoto aliyasikia hayo peke yake, sikio limebanwa kwenye redio, na hakupata wa kumweleza. Aliyabeba miaka arobaini na minne kama mtu anayebeba barua ambayo mwenye nayo hajapatikana.

Hakuwahi kuwa mchezaji. Pale kijijini angecheza na nani? Akawa seremala, akaoa, akachonga milango ya nusu ya nyumba za Kibosho, na jioni akachonga magongo ambayo hakuna aliyeyaagiza. Alijifundisha kwamba mti ufaao ni mforosadi, kwa kuwa ni mgumu lakini hauna kiburi: ukiuchemsha katika pipa huku ukiubana, unakubali kupinda. Mforosadi wake ulisimama nyuma ya banda la ndama. Aliupanda dada yake, Mary, wiki aliyobatizwa mwanawe Jovin. Mary alifariki mtoto akiwa na miaka sita, na Jovin akalelewa na mjomba wake. Gongo la kwanza la Jovin lilitoka kwenye tawi la mti huo. Valerian na mkewe Salvina walizaa mabinti watatu wakawapenda, lakini Jovin ndiye aliyesikilizwa akisimulia ndoto, kwa sababu ndoto yake ilikuwa ileile ya mjomba.

Jovin alikua, akacheza magongo mjini, akasomea ualimu wa michezo, akarudi. Mwaka juzi wawili hao walianzisha timu ya wasichana, Theluji. Uwanja waliutengeneza kwenye eneo la zamani la kuanikia kahawa, sehemu pekee iliyo tambarare katika mteremko ule wote. Ulipungukiwa hatua kumi kwa urefu na ulikuwa na jiwe moja lisilong'oka karibu na kona, lakini ulikuwa uwanja. Watu walipita na majani ya ng'ombe kichwani wakisema, "Kumi na Nane sasa anafundisha watoto wetu kuchunga mbuzi wasioonekana." Yeye aliendelea kusawazisha udongo. Jovin ndiye aliyekuwa akiwajibu, kwa maneno matamu kiasi kwamba walicheka wakabaki kutazama.

Mwaka huu, mwezi wa pili, Theluji ikafika fainali ya ligi ya wasichana ya wilaya. Wapinzani walikuwa Pasua, timu ya mjini. Kura ya uwanja ikaangukia Kibosho.

Hapo ndipo palipoanza shida, na shida yenyewe ilikuwa maji. Mwezi wa pili ardhi yetu inakuwa unga mwekundu. Mpira unazama, vumbi linapanda, kipa haoni kitu. Uwanja ule lazima uloweshwe siku moja kabla, uachwe ulale, ndipo uwe mgumu na laini kama sakafu ya udongo iliyosiribwa. Maji yapo, yanashuka kutoka msituni kwa mfongo, mtaro uliochimbwa na mababu wa mababu. Lakini mwezi wa pili maji ya mfongo hayana mwenyewe mmoja. Kila nyumba ina zamu yake, nusu siku kila baada ya siku tisa, na zamu hiyo ndiyo tofauti kati ya mgomba uliosimama na mgomba uliolala.

Zamu ya Valerian peke yake isingetosha kuulowesha uwanja. Ilihitajika na ile inayofuata, ambayo ilikuwa ya Dominika, mjane mwenye ulimi mkali kuliko panga lake.

Jumatano wanamfongo walikutana kwenye banio, pale maji yanapochepushwa kutoka mtoni. Mwenyekiti wao, mzee Aristides, alisikiliza ombi mpaka mwisho akiwa amefumba macho.

"Maji ya migomba yaende kwenye mchezo," alisema. "Sijawahi kusikia. Dominika, unasemaje?"

"Nasema Kumi na Nane amelewa kabla kata haijafika," Dominika alijibu. "Migomba yangu imekaa siku tisa inaimba wimbo wa wafu, halafu niwape maji wasichana wapige mpira kwa bakora?"

Watu wakacheka. Jovin akasimama, akavua kofia.

"Shikamoo mama Dominika. Ni mara moja tu. Hawa ni watoto wenu. Wamewafunga wa mjini, wamewafunga wa shule kubwa zenye nyasi. Jumamosi mtakuja wenyewe, mtakaa kwenye ukuta, mtashangilia. Nawaahidi."

"Marahaba. Wewe una mdomo wa padri," Dominika alisema, lakini alikuwa ameshaanza kulainika.

Mzee Aristides akakumbusha sheria, ambayo kila mtu aliijua. Anayeomba maji ya mwenzake haombi peke yake. Husimama na wa pili wake, wakanywa mbege kutoka kata moja, nusu kwa nusu, mbele ya wote. Maji yakitumika kwa kazi iliyosemwa, hakuna neno. Yakimwagika bure, mwombaji anafungiwa zamu zake zote mpaka mvua za masika, na kile alichokiombea maji hakiombewi tena milele.

Valerian akainywa nusu yake. Jovin akaipokea kata kwa mikono miwili, kama inavyopasa, akanywa mpaka chini, akaigeuza kuonyesha kwamba imekwisha. "Tumekwisha kuwa mmoja, mjomba," alimnong'oneza. Valerian alilibeba neno hilo mpaka nyumbani.

Ijumaa kulipopambazuka maji yalifunguliwa. Valerian alisimama na jembe katikati ya uwanja akiyaongoza huku na huku, suruali imekunjwa magotini, na mpaka jua linazama, zamu zote mbili zimekwisha, uwanja ulikuwa umelewa. Dominika alikuja mara mbili kuhakikisha hakuna tone linalopotea. Wasichana saba walikuja kusindilia udongo kwa miguu. Valerian aliuliza wengine wako wapi, akaambiwa wapo mazoezini na mwalimu Jovin mjini. Hakushangaa.

Jumamosi saa mbili asubuhi alikwenda kwenye stoo kuchukua magongo mapya kumi na moja. Alikuwa ameyachonga kwa miezi mitano, kila moja kwa urefu wa mwenye nalo. Stoo ilikuwa na magongo ya zamani, yaliyopasuka na kufungwa mpira wa baiskeli. Mapya hayakuwepo. Vikinga vya kipa havikuwepo pia.

Mlangoni alisimama Gladys, kipa wa Theluji, msichana wa kidato cha pili, mwembamba kama mshumaa. Alikuwa ameshika viatu mkononi.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Wenzako wako wapi?"

Gladys alitazama viatu vyake. "Wamekwenda na mwalimu. Basi la alfajiri. Tisa. Mimi nilisahaulika, au labda..." Hakumalizia.

Valerian akapiga simu. Iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Ya tatu ikapokelewa, na nyuma ya sauti ya Jovin alisikia muungurumo wa basi na wasichana wakiimba.

"Mjomba, nilikuwa naenda kukupigia."

"Mko wapi?"

"Tumeshapita Same. Sikiliza, mjomba, usikasirike. Kuna klabu Dar, wanacheza ligi kubwa, wanataka timu yao iwe na wasichana wa mlimani. Wanawapa shule, wanawapa kitanda. Uwanja wa nyasi bandia, mjomba! Wametaka tufike leo. Leo, siyo kesho."

"Barua yao ilikufikia lini?"

Wimbo uliendelea. Basi liliunguruma.

"Jovin. Lini?"

"Jumanne."

Jumanne. Kata waliinywa Jumatano.

"Ulikunywa nusu yako ukiwa na barua mfukoni," Valerian alisema. Hakupaza sauti, na Salvina, aliyekuwa akikamua ng'ombe hatua chache kutoka pale, aliacha kukamua kwa sababu ya utulivu huo.

"Ningefanyaje? Ningekuambia ungenikatalia."

"Ningekukatalia, ndiyo. Ningekutukana mpaka jioni. Halafu asubuhi ningewasindikiza mpaka stendi na magongo yao begani. Wewe hunijui?"

"Mjomba, hapa wangecheza kwenye vumbi mpaka lini? Wewe mwenyewe hukupata nafasi. Unataka na wao wawe kama..."

Hakumalizia yeye pia. Lakini jina ambalo hakulitaja Valerian alilisikia wazi kuliko yote aliyowahi kuitwa. Akakata simu.

Alikaa kwenye kigogo cha kuchongea. Ningependa kusema kwamba alifikiria wasichana kwanza, lakini haikuwa hivyo. Alifikiria kata. Alifikiria jinsi kijana alivyoigeuza kuonyesha kwamba imekwisha, na macho yake yalivyokuwa makavu na mazuri. Kuna watu wengi wanaoiuza michezo ya nchi hii, tumewazoea, wana ofisi na mihuri. Aliyemkata Valerian hakuwa na muhuri. Alikuwa amelala kwenye kitanda cha nyumbani kwake, amekula mtori wa ndizi wa Salvina Ijumaa usiku, akaomba aongezewe.

"Sasa?" Salvina aliuliza. Alikuwa amesimama na ndoo ya maziwa. "Wapinzani wapo njiani. Watu wameshaanza kukaa ukutani. Usipochezwa huo mchezo, maji yamemwagika. Tutafungiwa mpaka mwezi wa nne. Ng'ombe huyu atakunywa nini?"

"Najua."

"Na uwanja wako utapandwa majani ya ng'ombe."

"Najua, mama, najua!"

Gladys alikuwa bado mlangoni. "Babu, tupo saba," alisema.

"Saba si timu."

"Kwani ile ya redio, ile unayotusimulia kila siku. Walipofungwa kumi na nane, kesho yake walikuwa wangapi?"

"Kumi na moja."

"Aa." Alifikiri. "Nilidhani labda walipungua."

Valerian alicheka. Kilikuwa kicheko kibaya, kikavu, cha mtu aliyepigwa tumboni, lakini kilimwinua kutoka kwenye kigogo. Akachukua sponji ya godoro la zamani na mipira ya tairi ya baiskeli, na kwa dakika arobaini alimshonea Gladys vikinga vya miguu. Huku anashona alimsimulia tena, kama kwamba mtoto hajawahi kusikia: jinsi walivyorudi uwanjani, jinsi walivyowafunga wenyeji mawili. Akamwambia pia la Zimbabwe. Mwaka huohuo wa themanini, upande wa wanawake, mataifa makubwa yalisusa, Zimbabwe ikaitwa wiki chache tu kabla, ikaokoteza timu, ikaenda, ikarudi na dhahabu.

"Dhahabu kabisa?"

"Kabisa."

"Basi sisi tutafungwa ngapi?"

"Nyingi," Valerian alisema. "Nyoosha mguu."

Pasua walifika saa nne kwenye lori dogo, wakiwa kumi na tano, wenye sare ya buluu. Mwalimu wao, Magreth, mwanamke mnene mwenye filimbi shingoni, alisikiliza maelezo akitazama uwanja uliolowa.

"Poleni sana, mzee," alisema. "Lakini kanuni ziko wazi. Timu haijatimia. Sisi tunachukua ushindi, tunaondoka, watoto wana njaa."

"Mwalimu, maji haya yametoka kwenye migomba ya mjane. Kama mchezo hauchezwi, yamemwagika."

"Sijakuelewa."

Valerian akamweleza sheria ya mfongo. Magreth alikuwa mzaliwa wa Mabogini, kwenye mashamba ya mpunga. Mtu wa mpunga huhitaji kuelezwa mara moja tu habari ya maji ya zamu. Akavua miwani, akaifuta.

"Ushindi nimeshauandika," alisema. "Mchezo tutacheza. Lakini mzee, sitawaambia wangu wapunguze. Nikiwaambia wapunguze, nitakuwa nimewatukana wako."

"Usiwaambie."

Ukuta wa zamani wa eneo la kuanikia kahawa ulikuwa umejaa watu. Waliona saba wakiingia dhidi ya kumi na moja, na minong'ono ikapita kama moto kwenye majani makavu. Jovin yuko wapi? Kakimbia na timu? Haiwezekani, si alikunywa? Dominika alikuwa amekaa mwisho kabisa, kanga imefungwa kiunoni, amenuna kama mawingu ya Kibo.

Sitaki kuupamba mchezo ule. Mpaka dakika ya kumi ilikuwa nne bila. Wasichana saba walikimbia kila upande kama kuku waliofunguliwa, na kila wakiziba pengo moja walifungua matatu. Gladys aliruka, aliangukia bega, aliamka amepakwa tope jekundu mpaka kwenye nyusi. Robo ya pili ilipokwisha ilikuwa tisa. Robo ya tatu, kumi na nne. Ndipo mtu mmoja ukutani, hajulikani nani, akaanza kuhesabu kwa sauti.

"Kumi na tano!"

Wengine wakajiunga. "Kumi na sita!" Waliona hesabu inakokwenda na furaha ikawapanda, ile furaha ya watu waliopata kichekesho kikubwa bila kukitafuta. "Kumi na saba! Kumi na Nane, jina lako linakuja!"

Valerian alisimama kwenye mstari akiwa ameushika ukingo wa koti lake kwa mikono yote miwili. Bao la kumi na nane liliingia taratibu, limegonga mguu wa Gladys, likavingirika juu ya udongo ule uliolowa vizuri, uliosindiliwa vizuri, ambao yeye mwenyewe alikuwa ameulainisha. Ukuta ukalipuka. Watu walishikana mabega.

Kisha kikatokea kitu kidogo. Gladys akauokota mpira, akautupa kuelekea katikati, akapiga kelele kwa sauti iliyopasuka, "Haya, simameni! Dakika saba bado!" Na wale sita wakasimama. Mmoja alikuwa anachechemea. Walirudi kwenye nafasi zao kama kwamba hesabu ilikuwa ya watu wengine.

Kelele ukutani zikapungua. Hakuna aliyekuwa na neno baada ya kumi na nane. Kichekesho kilikuwa kimekwisha na wasichana walikuwa bado wanacheza.

Bao la kumi na tisa liliingia, na hakuna aliyehesabu. Zikiwa zimebaki dakika mbili, Theluji wakavuka katikati kwa mara ya kwanza, wakapata kona ya adhabu. Mpira ulipigwa, ukagonga mlingoti wa goli kwa mlio mkavu, ukatoka nje.

"Mwamuzi!" sauti ilitoka mwisho wa ukuta. "Mwamuzi wewe, mguu ule umeuona au umelala? Umemkanyaga mtoto!" Ilikuwa ya Dominika. Alikuwa amesimama juu ya ukuta, kanga imefunguka, na hakuna aliyewahi kumfundisha kanuni hata moja.

Kumi na tisa bila. Ndivyo ulivyokwisha.

Jumapili baada ya misa wanamfongo walikutana tena kwenye banio. Valerian alikuwa ameitazama simu yake tangu jana ikiwaka na kuzimika: simu kumi na moja za Jovin, na ujumbe mmoja, "Mjomba wamefika salama, wanakusalimia." Hakuujibu.

"Swali ni moja," mzee Aristides alisema. "Maji ya Dominika yalitumika, au yalimwagika?"

"Yalimwagika," alisema mtu mmoja. "Saba kwa kumi na moja si mchezo. Ni mazishi."

"Na aliyekunywa kata amekimbia," mwingine akaongeza. "Kata ya nusu ni kata iliyovunjika."

Valerian alisimama. Alikuwa ameandaa maneno mengi usiku kucha, juu ya Moscow, juu ya dhahabu, lakini yaliyotoka yalikuwa machache. "Walicheza mpaka mwisho," alisema. "Sina jingine. Aliyekunywa nami ni mtoto wa dada yangu, na alikunywa akijua. Siwezi kumtetea. Mnifungie kama inafaa. Lakini nasema mbele yenu, naomba maji tena. Mwezi ujao Pasua wamekubali kurudi. Naomba uwanja uloweshwe."

Kulitokea kelele. Anaomba tena! Huyu si mzima! Mzee Aristides akainua mkono.

"Wa kwanza kujibu ni mwenye maji. Dominika?"

Dominika hakusimama. "Yalitumika," alisema. "Nilikuwepo. Sikuona tone likimwagika. Nimeona mchezo mbaya kuliko yote maishani mwangu, lakini kazi iliyosemwa ilifanyika mpaka filimbi. Andika hivyo."

"Hatuandiki, mama Dominika."

"Basi kumbuka hivyo."

Mzee akatikisa kichwa kukubali. Kata ikaletwa kwa ajili ya ombi jipya. Valerian aliipokea, akanywa nusu yake. Mbege ilikuwa changa, ya jana, bado ina utamu. Kisha akabaki ameishika kata, na upande wake wa kushoto, pale Jovin alipokuwa amesimama siku nne tu zilizopita na kofia mkononi, hapakuwa na mtu. Watu walitazama maji yakipita. Salvina alianza kuinuka, lakini mke na mume ni mtu mmoja, na mfongo hauhesabu mtu mmoja mara mbili. Akaketi tena.

Hapo Valerian alielewa jambo ambalo hasira ilikuwa imemficha: Jovin hakuwa amechukua wasichana tisa na magongo kumi na moja tu. Alikuwa amechukua mahali pa kusimama.

"Lete hiyo kata," Dominika alisema.

Alikuja akiwa bado amebeba viatu vyake vya misa mkononi. "Usinitazame hivyo, Kumi na Nane. Sifanyi kwa ajili yako. Namtaka yule mtoto mwembamba, aliyepakwa tope. Nataka nimwone akifunga."

"Yule ni kipa, mama. Kipa hafungi."

"Nyamaza," alisema, akanywa mpaka chini, akaigeuza.

Jumatatu asubuhi Valerian alichukua msumeno na panga akaenda nyuma ya banda la ndama. Salvina alimkuta ameshapanda ngazi.

"Baba, huo ni mti wa Jovin."

"Ndiyo."

"Mary aliupanda kwa mikono yake."

"Nilikuwepo." Tawi la kwanza likaanguka, majani yakatandaza kivuli kibichi juu ya samadi. "Kumi na moja yamekwenda Dar. Gladys anahitaji la kwake, na wale sita, na wengine wanne nitakaowatafuta. Mforosadi mwingine sina."

Alikata tawi baada ya tawi, hata lile lenye kovu la msumeno wa zamani, pale gongo la kwanza lilipotolewa. Simu iliita mfukoni. Aliiacha iite mpaka ikachoka. Mti ulipobaki uchi kama nguzo, akashuka, akaanza kupanga matawi kwa unene wake.

Salvina alilitazama shina. "Na hili hulikati?"

Valerian alifuta utomvu mikononi kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Gongo halitoki kwenye shina," alisema, akaenda kuwasha moto chini ya pipa.